Frezeze ya kulala ao ya kusimama: fundi wa nyumbani achague ipi?

Pinyo ya mashini ya kusaga unga ikivunjika meno, mtaa mzima unasubiri. Mwenye mashini anaagiza piyesi mbali, ao anatafuta fundi wa kuichonga upya. Fundi huyo anahitaji frezeze. Kwenye turu, chuma ndicho kinachozunguka. Kwenye frezeze, kinachozunguka ni freze, yaani kisu chenye meno, na chuma kinafungwa juu ya meza na kusogezwa pole pole.

Kwa fundi mwenye ateliye ndani ya lupango lake, iwe Goma, Butembo ao Lubumbashi, mara nyingi kuna nafasi na pesa ya mashini moja tu. Akikosea, pesa yake inabaki imelala kwenye kona.

Katika frezeze ya kulala, freze ni kama gurudumu lenye meno na tundu katikati. Inapitishwa kwenye fimbo ya chuma iliyolala, inayoshikwa pande zote mbili. Kwa hiyo haitetemeki kirahisi, na inaondoa chuma kingi kwa mara moja. Ndiyo mashini ya mifereji mirefu na ya meno ya pinyo, ikisaidiwa na divizeri, kifaa kinachogawanya mzunguko kwa sehemu sawa. Ni ya zamani pia: mwaka wa 1862, kampuni ya Brown & Sharpe ya Marekani ilitoa aina yake yenye kuchonga mifereji ya kujipinda ya meshi za kutobolea chuma.

Katika frezeze ya kusimama, freze inasimama kama meshi. Fundi anaona vizuri mahali inapokula chuma. Mashini hiyo inatoboa, inapanua matundu, inasawazisha uso wa chuma na kuchimba njia ya klaveti. Bridgeport, iliyotokea Connecticut mwaka wa 1938, imeigwa na viwanda vingi duniani. Lakini freze inashikwa upande mmoja tu; fundi akikata chuma kinene kwa haraka, inatetemeka, hata kuvunjika.

Kwa anayenunua mashini moja, ya kusimama ndiyo inafaa kazi nyingi zaidi. Hata meno ya pinyo inaweza kuyachonga kwa msaada wa divizeri, ingawa pole pole. Ya kulala ina faida kwa fundi anayeletewa pinyo kila mara, ao kama inakuja na kichwa cha pili cha kusimama. Mashini nyingi za zamani za Ulaya zilitengenezwa hivyo.

Bei ndogo ya mashini ya kulala inaweza kudanganya. Kabla ya kulipa, fundi aulize kama fimbo yake ipo, pamoja na kishikio cha upande wa pili. Bila hivyo, haiwezi kufanya kazi yake. Kisha apime unene wa fimbo: tundu la freze nyingi ni milimita 22, 27 ao 32, na lazima vilingane.

Umeme nao ni swali. Frezeze nyingi za viwandani zinataka fazi tatu, na nyumba nyingi zina fazi moja. Kifaa kinachoitwa variateri kinaweza kutoa fazi tatu kutoka fazi moja, mradi kibao cha mota kiandikwe 220/380. Kikiandikwa 380/660, variateri ya kawaida ya 220 haitatosha.

Wengine wanakwepa garama kwa kuweka freze kwenye perseze. Ni hatari. Perseze imetengenezwa kusukuma kwenda chini. Ikisukumwa kwa upande, kishikio cha meshi kinaweza kuchomoka kikizunguka na kumrukia fundi. Asiye na pesa ya frezeze bado anaweza kuchonga njia ya klaveti kwa tupa na patasi ya chuma. Itachukua muda, lakini mikono yake itabaki mizima.