Punda Anahitaji Ruzuku, Si Fadhila

Wahenga wetu walinena kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hii hufunzwa katika shule zetu tangu madarasa ya chini, na kila mwanafunzi aijuaye huitumia kumsuta mtu asiyejua kurudisha wema. Hata hivyo, ni nadra mwalimu au mwanafunzi kuuliza swali lililojificha ndani yake: baina ya punda na mwenye punda, ni nani hasa anayemdai mwenzake shukrani? Swali hili si la mzaha. Katika sehemu kame za nchi yetu, jibu lake linahusu maji ya kunywa, karo ya shule na chakula cha jioni.

Tuitazame Ngaremara, wadi iliyomo katika eneo bunge la Isiolo Kaskazini, kando ya barabara kuu itokayo mjini Isiolo kuelekea Archers Post, Marsabit na hatimaye Moyale. Jina lenyewe linasimulia shida ya mahali hapo. Ngare ni neno la Kimaa lenye maana ya maji, na ndilo tunalolikuta katika Ngare Ndare na Ngare Nairobi. Watu wa nchi kavu huyapa makazi yao majina ya maji kwa kuwa maji ndiyo yanayoamua nani ataishi wapi. Na maji hayo hayajileti nyumbani. Hubebwa kwa mitungi, na penye mitungi mingi na safari ndefu hapakosi punda. Waturkana humwita esikiria, Wasamburu wana neno la asili hiyo hiyo, nao Waborana humwita harree. Lugha ni tofauti, lakini mnyama ni yule yule na kazi ni ile ile.

Isitoshe, punda si mgeni kwetu. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wafugwao duniani leo wana asili moja, na kwamba walianza kufugwa Afrika Mashariki takriban miaka 7,000 iliyopita. Kwa hivyo, kabla ya farasi kujulikana katika bara hili, punda alikuwa amekwisha kuwabebea mababu zetu mizigo.

Pamoja na utumishi huo wote, miaka ya karibuni imekuwa ya maafa kwake. Kuanzia mwaka 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa humu nchini, vikawa vinne, ili ngozi zipelekwe China kutengenezwa gundi itumiwayo kama dawa. Kati ya mwaka 2016 na mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa, ilhali sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8 tu katika Kenya nzima. Wizi wa punda ukashamiri. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku mwaka 2021, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Uamuzi huo ni wa kupongezwa. Lakini kumwepusha punda na kisu ni jambo moja, na kumtibu kidonda cha mgongoni ni jambo jingine. Nani atamtunza punda aliyevunjika mguu barabarani, aliyechubuliwa na sogi mbovu, au aliyeachwa kwa sababu ya uzee? Kwa kawaida huwa ni mtu mmoja mwenye huruma, au kikundi kidogo cha akina mama, wenye zizi la miiba, kamba na ndoo ya maji. Hao ndio waokoaji wa kweli wa wanyama vijijini, japo hawana kibao langoni wala hawajulikani.

Msomaji anaweza kusema kwamba wafadhili wapo. Ni kweli. Katika Kaunti jirani ya Samburu, kituo cha Reteti kilichofunguliwa mwaka 2016 huwalea ndama wa tembo walioachwa yatima. Kinamilikiwa na jamii, hupata misaada kutoka pembe nyingi za dunia, na hununua maziwa ya mbuzi kutoka kwa wanawake wa huko. Huo ni mfano mwema. Hata hivyo, ndama wa tembo ana sura inayopendeza katika picha, na watalii humjia kwa ndege. Punda mwenye kidonda hapigwi picha na mtalii.

Kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni lugha. Fomu nyingi za kuombea ruzuku huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha ofisini ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara mbili. Mwombaji hutakiwa aeleze malengo, viashiria, athari na uendelevu. Hutakiwa awe na akaunti ya benki na hesabu zilizokaguliwa. Na akifaulu, mara nyingi hupewa fedha za warsha na mafunzo, lakini si za nyasi kavu, dawa ya minyoo au nauli ya daktari wa mifugo. Mnyama hula kila siku. Ruzuku huja mara moja kwa mwaka, tena kwa jambo asilolila.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1931 mwanamke Mwingereza aliyeishi Misri, Dorothy Brooke, aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London. Alieleza kwa maneno ya kawaida hali ya farasi wa vita walioachwa Cairo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakawa wanavuta mikokoteni huku wamekonda na kupofuka. Wasomaji walichanga. Kwa fedha hizo aliwanunua farasi wapatao 5,000, wengi wao wakiwa hawaponyeki tena, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama. Shirika lililotokana na juhudi hizo linafanya kazi hata hapa Kenya siku hizi. Lilianza na barua moja iliyoeleweka, iliyoandikwa kwa lugha ya mwandishi mwenyewe. Mama wa Ngaremara ananyimwa nafasi iyo hiyo.

Je, tungoje wafadhili wa ng'ambo wabadilike? La, hasha. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekwisha kutuonyesha njia. Jedwali la Nne limezikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, yakiwemo kutoa leseni za mbwa na kuweka mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Ibara ya 7 nayo imeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ukiziunganisha sehemu hizo mbili utapata hoja iliyo wazi: kaunti ina wajibu wa kuwahifadhi wanyama, na mwananchi ana haki ya kuiomba kwa Kiswahili.

Rai yangu ni kwamba kaunti kame, Isiolo ikiwa mojawapo, zitenge fungu dogo la ruzuku kwa ajili ya watunzaji wadogo. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Anayeomba awe kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, ambayo inahitaji watu kumi tu. Fedha zilipwe kila baada ya miezi mitatu, na hesabu itolewe kwa risiti na saini ya afisa wa mifugo aliyewaona wanyama kwa macho yake. Zinunue chakula, dawa na sogi zisizochubua.

Wapo watakaouliza: itakuwaje tumpe punda fedha ilhali binadamu ana njaa? Ni swali la haki. Lakini pale ambapo punda akilala, mama hubeba mtungi mgongoni mwake, na binti huachishwa masomo ili amsaidie, kumtibu punda ni njia mojawapo ya kumlisha binadamu. Shilingi inayomwinua mnyama huyo huwainua watu wote wa nyumba ile.

Walimu na wanafunzi mna sehemu yenu. Somo la insha lina barua rasmi na ripoti. Badala ya kuandika barua kwa meneja wa kubuni, wanafunzi waandike ombi la kweli kwa niaba ya kikundi cha kijiji, wahesabu wanyama, wapige hesabu ya nyasi na dawa. Watajifunza lugha, hisabati na utu kwa wakati mmoja.

Mwisho, tuyapime maneno yetu. Tunasema ufadhili, neno lililotokana na fadhila, na mwenye kupewa fadhila hutarajiwa kunyenyekea. Ruzuku lina shina moja na riziki, yaani chakula ambacho kila kiumbe hujaliwa ili aishi. Punda wa Ngaremara ameileta riziki ya watu nyumbani tangu enzi. Anapoanguka njiani, tunachompa si fadhila hata tumdai shukrani. Tunamlipa deni.