Ziwa Victoria: Kwa Nini Tumetanguliza Majaketi Badala ya Injini

Baadhi ya kamati za parokia za visiwani zimetuuliza kwa nini, katika maombi ya usafiri wa majini, tumetanguliza majaketi okozi badala ya injini kubwa. Swali ni la haki, na wafadhili wetu nao wanastahili kusikia jibu.

Ziwa Victoria ni pana, kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake ni kifupi: wastani ni mita 40 hivi. Upana huo huupa upepo nafasi ya kuinua mawimbi. Yakifika kwenye ghuba yenye maji machache, wimbi hugusa chini, hupungua mwendo, husimama na kuvunjika. Mtumbwi uliovuka salama unaweza kujaa maji ufukwe ukiwa unaonekana, abiria wameshasimama kukusanya mizigo.

Tena kuna usiku. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka: upepo wa nchi kavu hutoka pande mbalimbali na kukutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda, na mvua ya radi huanza. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani hutokea kati ya usiku na asubuhi, saa zilezile wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Tuliwahi kuwashauri wasitoke usiku. Walitucheka, na walikuwa na haki. Sasa tunasema: sikilizeni utabiri kabla ya kusukuma mtumbwi, na mkiona umeme unamulika mbali, rudini kabla upepo haujawafikia.

Lililo baya zaidi ni kujaza watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wilayani Ukerewe. Walikufa watu zaidi ya 220. Kivuko hicho kilikuwa kimefungwa injini mpya mwaka huohuo.

Jaketi nalo halifai kitu likikaliwa kama mto au likifungiwa stoo lisichakae. Kamati zitakazoleta maombi robo ijayo ziandike idadi ya abiria wa kawaida, na watoto wahesabiwe peke yao, maana jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini.