Ganda la kirusi na bei ya ng'ombe wa Mara

Ugonjwa wa miguu na midomo hauui ng'ombe wengi wakubwa, na ndiyo maana hasara yake haipewi uzito unaostahili. Ng'ombe anachechemea, mate yanamdondoka, maziwa yanakatika. Maksai wa Tarime wanalala zizini wakati mvua imeshaanza na shamba linasubiri plau. Kisha inatangazwa karantini: mnada unafungwa, wanunuzi wanaovuka mpaka wa Sirari wanatafuta mali kwingine, na mfugaji aliyepanga kuuza dume ili alipe ada anabaki na dume lisilo na soko.

Kwa miaka mingi lawama zilikwenda kwa nyati wa hifadhini. Mwaka 2018 watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha matokeo ya kazi yao na wafugaji wa kaskazini mwa nchi, wakiwemo wanaopakana na Serengeti. Nyati kweli wanabeba virusi hivi, lakini milipuko kwa ng'ombe ilihusiana zaidi na nyendo za mifugo yenyewe. Tena kirusi kilipita kwa mawimbi, aina moja ikitamba kisha kupisha nyingine: O, A, SAT1, SAT2. Katika biashara ya chanjo hiyo ni habari nzito. Ukijua ni wimbi lipi lililo njiani, unachanja kabla halijafika Mugumu.

Kikwazo kiko kwenye chupa. Chanjo ya kawaida hutengenezwa kwa kukuza virusi hai kwa wingi, kuviua, kisha kuyasafisha maganda yake. Ganda moja lina upana wa nanomita 30 hivi. Milimita moja ingetosha maganda zaidi ya 30,000 yakipangwa mstari. Limeundwa kwa vipande 12 vilivyoshikana kama mpira wa kushonwa. Kinga ya ng'ombe hulitambua vizuri likiwa zima. Joto likipanda mishono inaachia, na dozi inapoteza sehemu kubwa ya thamani yake huku kwa macho chupa ikionekana ileile. Aina za O na SAT ndizo dhaifu zaidi. Kwa hiyo chanjo inayotoka kiwandani Nairobi au Gaborone lazima ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 mpaka kwenye boma ambalo pengine halina umeme. Gharama ya ubaridi huo inaishia kwa mfugaji.

Mishono hiyo imeweza kuonekana kwa undani kwa miale ya eksirei na, zaidi na zaidi, kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali. Jacques Dubochet, Mswisi, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 namna ya kugandisha maji haraka kiasi kwamba fuwele za barafu hazipati nafasi ya kujijenga. Tone jembamba lenye virusi huzamishwa kwenye ethani ya kimiminika, baridi karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, na kila chembe inabaki katika umbo lake la asili. Elektroni hupiga picha hafifu kwa maelfu, kila chembe imekaa kwa upande wake. Kompyuta inazipanga na kuzijumlisha hadi umbo kamili linajitokeza. Hesabu hizo ziliwekewa msingi na Joachim Frank, naye Richard Henderson alithibitisha kwamba njia hii inaweza kufikia undani wa atomu. Watatu hao walipata Nobel ya Kemia mwaka 2017.

Mwaka 2015 wanasayansi wa Oxford, Pirbright na Onderstepoort ya Afrika Kusini walionyesha kwamba badiliko dogo la asidiamino pale vipande vinapokutana hulikaza ganda la O na la SAT2. Katika majaribio kwa wanyama, maganda yaliyokazwa yaliamsha kinga bora. Jambo la pili lina uzito uleule kibiashara: maganda yanaweza kutengenezwa matupu, bila kirusi hai ndani, hivyo kiwanda hakilazimiki kujengewa ulinzi wa gharama kubwa wa kuzuia kirusi kisitoroke. Mwaka 2019 haki za kutengeneza chanjo ya maganda hayo kibiashara zilikwenda kwa kampuni ya MSD Animal Health.

Hapo ndipo Tanzania inapaswa kujipanga mapema. Hadubini ya daraja la juu inagharimu mamilioni ya dola. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha hadubini chenye jina la Aaron Klug, aliyekulia Durban akapata Nobel mwaka 1982, na watafiti wetu wanaweza kupelekwa huko. Sampuli za virusi vinavyopita Tarime na Serengeti, kwa upande mwingine, ni zetu, na bila hizo hakuna mtengenezaji atakayejua ganda lipi la kukaza. Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambao tayari unatengeneza chanjo za mifugo Kibaha, uingie mezani na sampuli hizo mkononi na udai bei.

Kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa Simiyu mwaka 2025 ilianza na homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri. Miguu na midomo ina hesabu ngumu zaidi, kwa sababu chanjo za sasa hurudiwa takriban kila miezi sita. Mwenye ng'ombe 100 ananunua dozi 200 kwa mwaka. Chanjo itakayodumu mwaka mzima itamwondolea dozi 100, na safari moja ya sanduku la barafu.