Fahamu: 'Canny', neno la Newcastle lenye sura nyingi

Ukifuatilia mahojiano ya mashabiki wa Newcastle United, huenda umelisikia neno 'canny' na ukabaki kujiuliza.

Lina maana gani?

Inategemea anayelisema. Katika Kiingereza cha kawaida, mtu 'canny' ni mwerevu na mwangalifu, hasa kwenye fedha. Kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwa watu waitwao Geordie, neno hilo ni sifa njema: 'canny lad' ni kijana mwema, mtu wa watu. Likitangulia sifa nyingine huikoleza: 'canny good' ni nzuri kwelikweli. Na ukiagwa kwa 'gan canny', unatakiwa uende salama na ujiangalie.

Lilifikaje kwenye migomo?

Waskoti nao wana 'ca' canny', yaani nenda taratibu. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow waligoma wakidai nyongeza ya ujira, wakashindwa. Waajiri walikuwa wameleta vibarua wa mashambani, wazito na wasioijua kazi, na bado wakawasifu. Chama cha makuli kikawaambia wanachama warudi kazini, lakini wafanye kazi kwa mwendo uleule wa vibarua. Mbinu hiyo ikaitwa 'ca' canny'. Sisi tunaiita mgomo baridi.

Ulitumie wapi?

Kwenye barua rasmi, baki na maana ya uangalifu. Ile ya Geordie ni ya mazungumzo. Ukiiandikia ofisi ya London, huenda usieleweke.