Mtungi wa Akiba wa Mpiga Mbizi: Jinsi ya Kuufunga, na Sababu za Kitabibu za Kila Fundo

Mwaka 2008 Petar Denoble na wenzake walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vya watu waliokuwa wakipiga mbizi kwa burudani wakitumia mitungi ya hewa. Miongoni mwa vifo ambavyo chanzo cha ajali kilibainika, asilimia 41 vilianza kwa jambo la kawaida kabisa, nalo ni hewa kupungua au kwisha. Si papa, wala si mkondo wa maji. Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba mara nyingi kilichomdhuru mtu baada ya hapo kilikuwa ni ule mbio wake wa kuelekea juu.

Sababu yake inaeleweka kwa kanuni ya Boyle ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameikariri. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo kwa takriban bar 1. Hewa iliyojaa mapafuni kwa kina cha mita 10 hutaka kuwa mara mbili ya ujazo wake inapofika juu. Aliyebana pumzi kwa hofu hana pa kuipeleka. Vifuko vya hewa vya mapafu hupasuka. Hewa huweza kuvuja na kujaa kwenye uwazi wa kifua, au kuingia katika mishipa ya damu, ikapita moyoni na kuziba ateri za ubongo. Madhara hayo yamewahi kutokea hata kwa kupanda kutoka kina kisichozidi mita mbili. Juu ya hayo, nitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutengeneza viputo shinikizo linapopungua haraka, na hapo huja ule ugonjwa wa wapiga mbizi: maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza.

Mpiga mbizi aliyeishiwa hewa anahitaji hewa nyingine ya kumpandisha polepole. Mwenzake aliye karibu ndiye msaada wa kwanza, lakini mwenzake huweza kuwa mbali, au maji yakawa na tope. Ndiyo maana wengine hubeba mtungi wa akiba, ambao wapiga mbizi huuita poni. Ni mtungi mdogo wenye vali na regyuleta yake wenyewe, usiounganishwa kwa namna yoyote na mtungi mkubwa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujitengenezea kamba na kulabu za kuubebea.

Kwanza, mpaka uwekwe wazi. Mtu anaweza kutengeneza mwenyewe kile kinachobeba mtungi. Asiguse kile kinachobeba shinikizo. Mtungi, vali, mpira wa hewa na regyuleta ni kazi ya fundi aliyefunzwa, na katika nchi nyingi mtungi hupimwa uimara wake kwa maji kila baada ya miaka mitano. Mtungi wa zimamoto haugeuzwi kuwa wa mbizi. Wala mtungi wa akiba haujazwi oksijeni ya hospitali kwa kudhani kuwa hewa safi zaidi ni bora zaidi. Oksijeni tupu inapovutwa chini ya mita 6 huweza kuleta degedege, na mtu mwenye degedege chini ya maji huachia kinachompa pumzi akazama.

Ukubwa wa mtungi

Tufanye hesabu pamoja, kwa maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Mtungi wa lita 3 uliojazwa hadi bar 200 una lita 600 za hewa, ikipimwa kwa shinikizo la juu ya maji. Mpiga mbizi aliyetulia hutumia lita 15 hadi 20 kwa dakika. Aliyeshtuka huweza kutumia 30, 40 au zaidi. Tuchukue 30. Kwa kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, hivyo kila dakika mtungi hupoteza lita 120. Dakika moja ya kutulia na kujipanga ni lita 120. Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika huchukua karibu dakika 3 na takriban lita 250. Kusimama dakika 3 katika mita 5 ili nitrojeni itoke ni lita 135, na kumalizia safari ni kama 40. Jumla ni lita 545. Mtungi umetosha, kwa shida.

Mtungi wa lita 1, ambao huvutia kwa wepesi wake, una lita 200 tu. Kwa hesabu hiyo hiyo utakwisha mpiga mbizi akiwa bado karibu mita 23. Naye anayehema lita 40 kwa dakika hatamaliza kusimama kule mita 5 hata akiwa na mtungi wa lita 3. Huyo apige mbizi za kina kifupi zaidi, au abebe mtungi mkubwa zaidi.

Kamba, kulabu na klampu

Mtungi unaweza kufungwa ubavuni mwa mtungi mkubwa, mgongoni, au kuning'inizwa chini ya mkono wa kushoto. Ule wa mgongoni haumsumbui mtu, na tatizo lake ndilo hilo hilo: haonekani, vali yake haifikiki, na ikijifunga kwa kugonga chombo mwenyewe hajui. Mimi hupendekeza wa ubavuni mwa mwili, na ndio ninaoueleza hapa.

Vifaa vyake hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi na kwa fundi wa magari: kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 6, urefu kama mita 2, kulabu mbili za chuma kisichoshika kutu, zenye kipini kinachovutwa kwa kidole, kipande cha mpira wa maji cha kuwa mshikio, klampu ya skrubu kama ile inayofungia mipira ya rejeta, nayo isiwe ya kushika kutu, na tyubu kuukuu ya gari. Kulabu zinazofunguka kwa kusukumwa kutoka nje zikataliwe. Hizo hujinasa zenyewe kwenye kamba na nyavu, na katika bahari yetu nyavu zilizopotea kwenye matumbawe si jambo la nadra.

Vaa jaketi la kuelea pamoja na suti utakayoogelea nayo, kisha mtu akupimie umbali kutoka pete ya kifuani hadi pete ya kiunoni upande wa kushoto. Kulabu mbili zitatengana kwa umbali huo. Hapa ndipo ufungaji wa nyumbani unapoushinda wa dukani, kwa kuwa wa dukani umepimwa kwa mtu ambaye hayupo. Kunja kamba iwe maradufu na uipitishe ndani ya kipande cha mpira. Huo ndio mshikio. Ncha ya juu izungushwe shingoni mwa mtungi, chini ya vali, pamoja na kulabu ya kwanza. Ncha ya chini ipitishwe chini ya klampu iliyokazwa kuzunguka mtungi, ikitokeza kulabu ya pili. Mafundo yakazwe kwa uzito wa mwili, na ncha zake ziyeyushwe kwa moto zisifumuke. Funika klampu kwa kipande cha tyubu, maana ukingo wake hukata vidole, na ngozi iliyolowa hukatika upesi.

Kulabu isiguse mtungi chuma kwa chuma. Lazima kati yao iwepo kamba inayoweza kukatwa kwa kisu, kwa sababu kulabu ikikwama kwa mchanga au kutu, kisu ndicho kinachobaki. Nimewahi kuona mtungi uliofungwa jaketini kwa waya wa chuma. Mwenyewe alijivunia kwamba hautatoka kamwe, na alisema kweli. Kulabu ya juu pia iwe karibu na shingo, isiachiwe zaidi ya upana wa vidole vitatu. Ikiachiwa sana mtungi hupepea, hugonga matumbawe, na humlazimu mtu kupiga miguu kwa nguvu zaidi. Nguvu hizo hulipwa kwa hewa.

Uzito nao haupuuzwi. Lita 600 za hewa zina uzito wa kama gramu 720, na mtungi wa alumini huanza kuelea unapokwisha. Mpiga mbizi ajaribu katika maji ya kifua, kisha ahamishe risasi kidogo kutoka kushoto kwenda kulia hadi asimame wima bila kuegemea upande.

Kipande cha mdomoni

Mtungi uliofungwa vizuri hauna maana ikiwa hewa yake haifiki mdomoni. Mpira wa hewa ukunjwe na kubanwa ubavuni mwa mtungi kwa pete mbili za tyubu, kwa namna ambayo mvuto mmoja unautoa wote. Kipande cha mdomoni chenyewe ninapenda kining'inie chini ya kidevu kwa pete ya mpira unaovutika, mahali ambapo mkono wowote unakifikia gizani. Kikivutwa kitoke bila kung'ang'ania.

Hatari kubwa ya kifaa hiki iko hapa, na wauzaji huisema kwa nadra. Imewahi kutokea kwamba mtu ameruka majini akiwa amekiuma kipande cha mtungi wa akiba akidhani ni kile kikuu. Geji anayoitazama ni ya mtungi mkubwa, nayo inaonyesha kuwa umejaa. Hewa hukata ghafla akiwa chini kabisa, na hajui kwamba hewa nyingine ipo. Anajua tu kwamba geji imemdanganya. Kwa hiyo kipande cha akiba kiwe na rangi tofauti kabisa, njano ikizoeleka zaidi, na pia kitambulike kwa kugusa: zungushia uzi mnene kwenye mpira wake, karibu na mdomo. Kabla ya kuruka, vuta pumzi tatu kutoka kipande kikuu huku ukitazama geji ya mtungi mkubwa, kisha fanya vivyo hivyo kwa mtungi mdogo.

Vali ya akiba iachwe wazi au ifungwe? Walio wazoefu hubishana. Ikiwa wazi, hewa inaweza kuvuja bila mtu kujua. Ikifungwa baada ya kujaza shinikizo mpirani, mtu hupata pumzi moja au mbili kisha hukatika, na aliyehamaki hakumbuki vali. Kwa mwenye mtungi mmoja wa akiba wa kujiokoa, mimi naona iachwe wazi, naye aitazame geji yake kila anapotazama ile kubwa.

Zoezi la kubadili kipande lifanywe katika kina kifupi, macho yakiwa yamefumbwa, hadi mkono uende wenyewe. Baada ya kila mbizi klampu ilegezwe na vyote vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani chumvi iliyonaswa chini ya klampu hula alumini. Kamba ikianza kuota manyoya ikatwe, ifungwe nyingine.

Mtu akipanda vibaya

Anayepoteza fahamu, kuishiwa nguvu upande mmoja, kukohoa damu au kuumwa kifua mara tu baada ya kutoka majini achukuliwe kuwa na hewa kwenye damu hadi ithibitike vinginevyo. Alazwe chali, asiyejitambua lakini anapumua alazwe ubavu. Apewe oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa mara moja, hata kama anasema amepata nafuu, na asirudishwe majini kutibiwa. Tiba yake kamili ni chumba cha shinikizo. Akisafirishwa kwa ndege ndogo kutoka kisiwani, rubani aombwe aruke chini kadiri usalama unavyoruhusu, ikiwezekana chini ya mita 300, kwa kuwa viputo hukua kadiri ndege inavyopanda. Anayempeleka aseme waziwazi kituoni kwamba mgonjwa alikuwa akivuta hewa ya mtungi chini ya maji, kwa kina gani na kwa muda gani. Mitungi yote miwili ifungwe vali, ihesabiwe ni mizunguko mingapi imefungwa, na iletwe pamoja naye bila kumwagwa hewa, ili hewa iliyobaki ipimwe kama ina moshi wa injini ya kujazia.