Wateja Wakisema "Ghali Mno" Wanamaanisha Nini? Somo Kutoka Kwenye Miwani ya Dola 3,499

Umeposti bidhaa mpya. Ndani ya saa moja komenti zimejaa. "Bei?" "Duh, ghali!" "Naitaka hii." "Ipo nyeusi?" "Sasa hii ya nini?" Wewe umeshika simu unajiuliza: niagize mzigo au niache? Nishushe bei au nikaze?

Leo tuangalie bidhaa moja iliyosemwa sana duniani. Wengi wetu hatutaiuza wala kuinunua, lakini maneno waliyosema watu ilipotangazwa ni yaleyale unayoyapata kwenye ukurasa wako. Uzuri wake ni kwamba miaka imeshapita, kwa hiyo tunaweza kuona maoni yapi yalikuwa na uzito na yapi yalikuwa kelele tu.

ILIKUWAJE

Tarehe 5 Juni 2023 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza Apple Vision Pro. Ni kompyuta ya kuvaa usoni, umbo lake kama ile miwani mikubwa ya wapiga mbizi. Ukiivaa unaendelea kuona chumba chako kupitia kamera zake, na humohumo chumbani yanatokea madirisha ya programu, picha na filamu. Unachagua kitu kwa kukitazama tu, kisha unabofya kwa kugusanisha vidole viwili. Ndiyo maana inaitwa miwani ya uhalisia mseto: vitu vya kweli na vitu vya kompyuta unaviona pamoja.

Bei ikawa dola 3,499. Kwa kiwango cha wakati ule, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 8 za Tanzania. Na haikuuzwa siku hiyo. Watu waliambiwa wasubiri mwaka unaofuata, tena Marekani kwanza.

Kwa hiyo kwa miezi mingi watu walitoa maoni juu ya kitu ambacho karibu wote hawajakishika. Ni kama ile posti yako ya "mzigo uko njiani".

FUNGU LA KWANZA: "GHALI MNO"

Hili ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Na watu walikuwa na cha kulinganishia, maana siku nne tu kabla, tarehe 1 Juni, kampuni ya Meta ilikuwa imetangaza miwani yake, Quest 3, kwa dola 499. Yaani kwa bei ya moja ya Apple ungepata saba za Meta.

Lakini ukisoma vizuri, waliosema "ghali" hawakuwa watu wa aina moja. Kulikuwa na asiyekuwa na hiyo hela kabisa. Kulikuwa na mwenye hela lakini haoni ataitumia kwa kazi gani. Kulikuwa na anayelinganisha na ya jirani. Na kulikuwa na mjanja anayesubiri toleo la pili, akijua la kwanza huwa na kasoro na huenda bei ikapoa.

Watu wanne, neno moja. Sasa fikiria na wewe ukijibu wote kwa "karibu inbox tuongee bei". Wa kwanza umempotezea muda. Wa pili hujamjibu swali lake. Wa tatu alitaka umwambie tofauti. Wa nne angependa tu umkumbushe baadaye.

FUNGU LA PILI: "YA NINI?"

Hili lilisemwa kwa sauti ndogo kuliko la bei, lakini ndilo lilikuwa zito. Watu waliona matangazo: mtu anaangalia filamu kwenye skrini kubwa inayoelea hewani, mwingine anafanya kazi na madirisha matatu mbele yake. Wakauliza: televisheni ninayo, kompyuta ninayo, simu ninayo, hii inanifanyia nini kipya? Wengine wakasema kitu cha maana zaidi: televisheni moja tunaangalia nyumba nzima, miwani hii anaangalia mtu mmoja. Nikitaka kuangalia na mke wangu ninunue mbili?

Angalia, huyo hasemi bei ni kubwa. Anasema kitu hakikai ndani ya maisha yake. Hata ukimpunguzia nusu bado swali lake liko palepale.

FUNGU LA TATU: UZITO, BETRI NA AIBU

Betri ya miwani hii haiko ndani yake. Inakaa mfukoni, imeunganishwa kwa waya, na ilitangazwa kudumu kama saa 2. Watu wakapiga hesabu: filamu nyingi zinapita saa 2. Uzito nao, bila hiyo betri, ulikuja kujulikana kuwa kati ya gramu 600 na 650. Shika mfuko wa nusu kilo ya sukari, ongeza kidogo, halafu fikiria unaning'inia mbele ya uso wako.

Kisha kulikuwa na kipande kimoja cha tangazo kilichowakera wengi: baba amevaa miwani anawarekodi watoto wake wakicheza. Apple walitaka kuonyesha kumbukumbu nzuri ya familia. Watazamaji wengi waliona baba aliyejifungia kwenye kifaa watoto wakiwa mbele yake. Picha ileile, muuzaji anaona upendo, mteja anaona upweke.

Hapo jiulize kuhusu picha zako. Umewahi kumwonyesha mtu wa nje ya biashara yako tangazo kabla hujaliposti, ukamuuliza tu, "Unaona nini hapa?"

FUNGU LA NNE: WALIOSIFU

Walikuwepo, na si wachache. Waandishi wa habari walioalikwa kuijaribu kwa takribani nusu saa walitoka wakisifu jinsi picha ilivyo safi na jinsi macho na vidole vinavyoiendesha bila shida. Kumbuka, hao walikuwa wameivaa kweli, tofauti na wengi waliokuwa wanabishana mitandaoni.

Lakini waliivaa nusu saa. Hawakuwa wamekaa nayo wiki, wala hawakuwa wamelipa. Sifa ya nusu saa ni ya kweli, ila inakuambia kitu kinavutia. Haikuambii kama mtu ataendelea kukitumia.

Ongeza na anayesema kwa sababu yake. Miwani ilipoingia sokoni, Mark Zuckerberg wa Meta alitoa video akasema Quest 3 yake si nafuu tu, bali ni bidhaa bora kwa jumla. Alikiri kwamba skrini ya Apple ina picha kali zaidi. Huenda alikuwa na hoja, lakini ni mwenye duka la jirani. Na kwenye komenti zako wapo wa namna hiyo, wanaoandika "kwa fulani ni bei chee" na huyo fulani ni wao wenyewe. Isome hoja yake, ila usimhesabu kama mteja.

MWISHO IKAWAJE

Tarehe 2 Februari 2024 ikaanza kuuzwa Marekani. Apple waliweka majaribio ya bure dukani, unapanga miadi, unakaa na mhudumu kama nusu saa. Wakapima uso wa kila mnunuzi ili kifuniko kinachogusa uso kikae sawa. Na wakatoa siku 14 za kurudisha.

Zilipokaribia siku hizo 14 kuisha, baadhi ya wanunuzi wa mwanzo walianza kusema hadharani kwamba wanairudisha. Sababu walizotaja: kichwa kinauma, ni nzito, macho yanachoka, na hakuna cha kuifanyia kila siku. Hawa walikuwa watu waliokwisha kulipa, kwa hiyo bei haikuwa imewazuia. Netflix na YouTube nao hawakuwa wameitengenezea programu ilipotoka.

Mwezi Oktoba 2024 mkuu wa Apple mwenyewe, Tim Cook, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba kwa bei hiyo si bidhaa ya watu wengi, ni ya wale wanaopenda kutangulia. Na Oktoba 2025 likatangazwa toleo jipya. Miongoni mwa waliyobadilisha: Mkanda wa kichwani ili ikae vizuri zaidi, na betri ikaongezwa muda kidogo. Bei ikabaki dola 3,499.

Soma hapo tena. Kelele kubwa ilikuwa ya bei, na bei haikuguswa. Kilichoguswa ni lile lalamiko la chini chini, la waliovaa na kuumia.

MIMI YALINIKUTA

Nisiongelee ya Marekani tu. Niliwahi kuposti blenda ndogo za kuchaji, zile za kubeba mkononi. Posti ikachangamka, komenti zaidi ya mia moja, "naitaka" kila mahali. Nikaagiza 40, kila moja ikanisimamia shilingi 22,000. Hiyo ni 880,000, na sehemu ya hela hiyo ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Nikauza 9 kwa 35,000. Kisha kimya. Nikaona watu wanaandika "ghali", nikashusha hadi 28,000. Zikatoka 2. Mwenye nyumba naye ameshaanza kupiga simu.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Nikawaandikia mmoja mmoja wale walioandika "naitaka" wasinunue. Sikuwauzia, niliuliza tu: "Samahani dada, ulipoiona ulifikiria kuitumia kwa nini?" Majibu yakafanana: juisi ya nyumbani. Na kikombe kile kinatoa glasi moja, nyumbani watu watano. "Ghali" yao ilikuwa na maana hiyo. Ni swali la televisheni na miwani lilelile.

Mmoja akajibu tofauti. Alikuwa na mtoto wa miezi saba, akasema anasagia chakula cha mtoto kidogo kidogo, na blenda yake kubwa inamwachia kila kitu pembeni. Nikabadilisha picha, nikaweka kikombe kimoja cha viazi na karoti vilivyosagwa, nikaandika "chakula cha mtoto cha mlo mmoja". Bei nikairudisha 33,000. Zile 29 zilizobaki ziliisha ndani ya miezi miwili. Kodi niliilipa kwa kuchelewa, na kwa aibu.

FANYA HIVI KABLA HUJATUMA HELA YA MZIGO

1. Chukua daftari, gawa komenti mafungu manne: bei, matumizi, usumbufu (uzito, saizi, chaji, kufua), na sifa. Komenti ya "bei gani?" peke yake usiiweke popote, ni salamu tu.

2. Kila anayesema "ghali", muulize kwa heshima analinganisha na nini. Akikutajia bidhaa nyingine, eleza tofauti. Akisema "sijui ningeitumia wapi", usiguse bei. Mwonyeshe matumizi.

3. Uliza swali la siku ya kwanza: "Ukiipata kesho, utaitumia kwa kazi gani?" Akikosa jibu, huyo ni mpenzi mtazamaji.

4. Omba kianzio, hata kidogo, na uahidi kukirudisha mzigo usipofika. Laiki haina gharama. Mtu akitoa hata 5,000 ameshafikiria. Wakitoa watu 12, agiza 15, usiagize 40.

5. Waruhusu wajaribu kwa namna unayoweza. Huna duka la miadi, lakini una simu. Rekodi video ukiwa umeishika bidhaa, ipime kwa futi kamba, iweke pembeni ya kitu wanachokijua kama chupa ya maji ya nusu lita. Kasoro iseme wewe kwanza. Mteja akiigundua nyumbani, itakuwa komenti ya hadharani.

6. Baada ya wiki mbili, mwandikie aliyenunua: "Bado unaitumia?" Usiulize kama ameipenda, maana wengi watakujibu ndiyo kwa adabu. Jibu la swali hilo ndilo liamue kama utaagiza mara ya pili.

Apple wana hela ya kukosea na kurekebisha miaka miwili baadaye. Sisi mzigo mmoja ukilala, ada ya mtoto imelala nao. Kwa hiyo kabla hujashusha bei leo, rudi kwenye komenti zako za wiki hii, chagua watatu walioandika "ghali", waulize walichomaanisha.

Kisha rudi hapa utuandikie walikujibu nini. Na kama una mwenzako anayetaka kuagiza mzigo kwa sababu posti yake imechangamka, mtumie hii kabla hajatuma hela.