Shaba ya moto inatiririka kama maji: ujue njia yake, ujilinde

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Ukitazama shaba ikitoka tanuruni, unaweza kuwaza kwamba inakwenda polepole, kama bukari inayochemka. Ni kweli kwamba ni nzito: lita moja ya shaba iliyoyeyuka ina uzito wa kilo 8 karibu. Lakini kunata kwake ni mara 3 au 4 tu ya kunata kwa maji. Kitu kizito hivyo chenye kunata kidogo hivyo kinakimbia. Hupita katika ufa mdogo, hujaza kila shimo, na huruka kikipigwa. Mtu anayeiogopa kwa sababu ya moto wake peke yake hajaijua bado.

Mainjenieri wanaijua tabia hiyo, na wanaitumia. Shaba safi inayeyuka kwa digrii 1084. Hakuna jicho linaloweza kuona ndani ya tanuru yenye moto wa namna hiyo. Basi wanatengeneza tanuru ndogo ya plastiki inayopenyeza mwanga, wanatia maji mahali pa shaba, na rangi kidogo ndani ya maji. Wanatazama rangi inakwenda wapi, inazunguka wapi, inasimama wapi. Wakitaka kuonyesha skoria, yaani uchafu unaoelea juu ya metali, wanamwaga mafuta juu ya maji. Hiyo ndiyo modeli. Siku hizi kompyuta pia inafanya kazi hiyo: inagawa tanuru katika vyumba vidogo vingi sana, na kwa kila chumba inahesabu kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki.

Modeli hizi zinatufundisha nini sisi tunaosimama karibu na moto?

HEWA HAIENDI MBALI

Katika konvertiseri tunapuliza hewa kupitia mabomba, zile tuyeri, ili kiberiti na chuma vitoke. Unaweza kufikiri kwamba hewa inapita moja kwa moja mpaka katikati, kama maji ya bomba la bustani. Mwaka 1979, Hoefele na Brimacombe, huko Kanada, walitangaza majaribio yao ya kupuliza gesi ndani ya maji na ndani ya zebaki. Walionyesha kwamba kwa mpulizo wa kawaida hewa haifiki mbali. Inatoka kwa mapovu makubwa, moja baada ya lingine, karibu 10 kwa sekunde, na mapovu hayo yanapanda karibu kabisa na ukuta.

Kila povu likiondoka, metali inarudi kwa nguvu kugonga mdomo wa tuyeri. Ndiyo sababu matofali ya juu ya tuyeri yanaliwa kwanza, na metali inaganda mdomoni mpaka tunalazimika kuzibua. Basi ukiona ukuta wa upande ule umekuwa mwekundu kwa nje, usiseme «kapita ataona». Ondoka mahali pale, mwambie mara moja. Na usisimame mbele ya mdomo wa konvertiseri inapopulizwa au inapoinamishwa: mapovu yale yale yanarusha matone nje.

MAJI CHINI YA SHABA NI BARUTI

Mama anayekaanga samaki anajua: akitia samaki mwenye maji katika mafuta ya moto, mafuta yanaruka na kumchoma mkono. Sababu ni hii. Tone la maji ni zito kuliko mafuta, linazama, linageuka mvuke chini, na mvuke unasukuma mafuta juu. Lita moja ya maji ikichemka yote inatoa lita zaidi ya 1600 za mvuke.

Kwa shaba, maji ni mepesi, yangeelea juu. Hatari kubwa ni pale yanaponaswa chini: poshi ambayo haikukaushwa, kalibu yenye unyevu, mchanga uliolowa chini ya mfereji, chuma kikuukuu kilichonyeshewa mvua kikatupwa tanuruni. Shaba inatiririka, inafunika maji yale kila upande, na mvuke haupati njia. Unajitengenezea njia kwa kurusha shaba juu ya watu.

Tanuru za kwanza za Lubumbashi, zilizoanza kuwashwa mwaka 1911, zilikuwa za namna ya wata-jaketi: maji yanazunguka ndani ya kuta zao za chuma ili zisiyeyuke. Tanuru nyingi za leo pia zinapozwa kwa maji. Maji hayo ni rafiki yakibaki katika njia yake. Yakivuja, hata kidogo, toa habari pale pale.

Kumbuka jambo moja. Kompyuta inahesabu tanuru kavu na nzima. Haijui ni nani aliyeleta kipande kilicholowa asubuhi ya mvua. Hapo macho yako ndiyo yanayolinda wenzako.

SURUALI JUU YA KIATU

Nyumbani, chukua kiatu cha kazi. Ingiza mguu wa suruali ndani ya kiatu, halafu mwaga kikombe cha maji kwenye goti. Maji yote yanaingia kiatuni. Sasa toa suruali ifunike kiatu, mwaga tena: maji yanaanguka chini. Shaba itafanya vivyo hivyo, lakini kiatu chenye shaba ndani hakivuliwi kwa haraka. Waonyeshe watoto wako wakubwa pia. Kesho watakuwa kazini.

Mama, usimpe baba soksi wala shati la nailoni kwa kazi ya tanuru. Nailoni inayeyuka na kushikamana na ngozi. Pamba nzito au sufu ni bora.

AKIUNGUA MTU

Mwondoeni kwanza mahali pa hatari. Mwagieni maji safi ya baridi, si barafu, juu ya jeraha kwa dakika 20. Vueni pete, saa na kiatu mapema kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi msiivute. Funikeni kwa kitambaa safi, mleteni dispanseri. Msipake mafuta, yai, dawa ya meno wala udongo: vinazuia moto kutoka mwilini, na vinaleta usaha. Kidonda kidogo cha tone la metali pia kionyeshwe, kwa maana kinaweza kuwa kirefu kuliko kinavyoonekana.

Ndugu, mainjenieri wanatumia maji ili kuijua shaba. Nawe uwe na fikira hiyo kila siku unapoingia kazini. Jiulize: kama hii ingekuwa maji, yangepita wapi? Yangeingia wapi? Yangenirukia kutoka wapi? Ukipata jibu, usisimame pale.

Kausha chombo kabla ya kumwaga. Funika kiatu kwa suruali. Toa habari ya kila maji yanayovuja. Urudi nyumbani mzima.